Korongo Wangu, Si wa Ocke

Jumamosi, 22 Februari

Matembezi ya chama cha watazama ndege. Mvua ya barafu, upepo wa usoni, viatu vimejaa maji. Tumeona mabata bukini waliotugeuzia migongo, na kitu cha kahawia ambacho mimi nilisema ni kipanga na Ocke Brodersen akasema ni mfuko wa mbolea ulionasa kwenye seng'enge. Ulikuwa mfuko wa mbolea. Lakini kwa umbali ule, mtu yeyote angesema kipanga. Ocke ana darubini kubwa ya miguu mitatu. Ukiwa na miguu mitatu ni rahisi kuwa mtaalamu.

Ocke ni jirani yangu. Daktari wa meno mstaafu, amefiwa na mke, mpole kiasi cha kukera. Juu ya banda lake kuna kiota cha korongo, na kila mwaka baridi ikianza kulegea korongo hurudi hapo kutoka kusini. Siku wakitua, bendi ya kijiji inapiga, televisheni ya mkoa inakuja, na mwenye kiota anakalishwa kwenye kiti cha mbele katika karamu ya sukuma wiki na soseji na kuitwa Baba Korongo. Kila mwaka Ocke. Mwaka jana walimhoji mpaka kahawa yake ikapoa. Mimi pia nilionekana. Kiwiko changu, upande wa kushoto.

Leo, tukikamua soksi, Ocke alisema kwamba wanakuja siku yoyote sasa, anahisi mwilini. Wote wakatikisa vichwa kama wako kanisani. Nikasema labda mwaka huu korongo watachagua paa lingine, hii ni nchi huru. Ocke akasema, "Itakuwa vizuri sana, Momme. Nitafurahi kwa ajili yako." Unaona jinsi alivyo?

Nimemweleza mke wangu, Gesche, mpango wangu. Amesema nianze na mlango wa bafu, ambao haufungi tangu Krismasi. Gesche haoni mbali.

Jumatatu, 24 Februari

Kiota kiko tayari. Gurudumu la mkokoteni wa zamani, limelazwa juu ya nguzo ndefu katikati ya bustani, limefumwa matawi. Nilifundisha watu udereva maisha yangu yote. Najua kumwelekeza kiumbe mahali asikotaka kwenda.

Nimesoma kwamba korongo hapendi kiota kipya. Anapenda kiota kilichotumika, chenye kinyesi cheupe cha wenzake. Dawa yake ni chokaa. Unamwaga chokaa juu ya matawi, ndege akipita angani anasema, hapa palikaa watu wa maana. Kwa nini Ocke hakuwahi kutuambia hili? Tujiulize.

Kupanda na ndoo kungenivunja kiuno. Nikatumia bomba la kunyunyizia dawa miti ya matofaa. Likawa na nguvu kuliko nilivyotarajia. Upepo nao, ambao hapa kwetu Süderlüg huvuma toka magharibi tangu dunia iumbwe, leo uliamua kuvuma toka mashariki. Gurudumu lilipata kidogo. Paa la nyumba lilipata zaidi. Dohani letu, bomba la kutolea moshi, lilipata chokaa yote iliyobaki, ukiacha ile iliyoenda kwenye gari la Ocke.

Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa na maneno ya kujitetea tayari mdomoni. Hakunipa nafasi. Alisema gari lilihitaji kuoshwa hata hivyo, akanipa chupa ya jamu ya matunda ya msituni. Nimerudi nyumbani nimeshindwa kabisa.

Alhamisi, 27 Februari

Chambo. Korongo hula vyura, lakini vyura bado wamelala chini ya tope, na nilipochimba, mmoja aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeamshwa siku ya mapumziko. Nikamfukia.

Nikanunua samaki wabichi, nikawatandaza chini ya nguzo kwa mpangilio wa kuvutia. Nikajificha nyuma ya kibanda cha kuni na darubini.

Kwanza alikuja paka wa mama mchungaji. Kisha paka wa duka la mikate. Kisha paka nisiowajua, wengine nadhani wametoka kijiji cha pili. Kisha shakwe, wengi, wenye kelele na matusi. Paka na shakwe wakagombana juu ya jamvi la Gesche lililokuwa limeanikwa. Ocke alichungulia juu ya ua na kusema kwamba ametazama ndege miaka mingi, hajawahi kuona shakwe akimpokonya paka samaki, na akanishukuru. Ameliandika jambo hilo kwa ajili ya mkutano wa chama. Kwa jina langu. Hata utukufu wangu ananigawia yeye.

Jamvi Gesche amelitupa.

Jumamosi, 1 Machi

Leo nilikuwa na akili. Narudia, leo nilikuwa na akili, na yaliyofuata si kosa la akili.

Korongo hutua penye korongo. Ghala la zimamoto lina korongo wa mbao, mkubwa, kapakwa rangi vizuri. Nikamwazima kwa Hauke, mkuu wa zimamoto, ambaye pia anapiga tarumbeta kwenye bendi. Hauke aliuliza anapelekwa kwa nani. Nikasema kwangu. Akanikumbatia kwa nguvu. Niliona ajabu, lakini watu wa tarumbeta wana mapafu makubwa na hisia kubwa.

Nikampandisha korongo juu ya gurudumu. Akapendeza sana.

Saa ya kahawa akaja mama mchungaji na keki. Akamwangalia Gesche tumboni, kisha usoni, kisha tumboni tena. Ndipo nilipokumbuka. Korongo yule wa mbao husimamishwa mbele ya nyumba iliyopata mtoto. Ndiyo kazi yake pekee.

Gesche ana miaka sitini na mmoja. Kijiji kikaamua, kwa busara, kwamba si yeye. Basi ni binti yetu, Frauke, aliye Hamburg, ambaye hana mume na alikuwa ameanza uchumba na kijana mwoga. Wamewapigia simu shangazi zake wote. Shangazi wa Kiel alishaanza kufuma soksi. Frauke alinipigia mimi.

"Baba, nani kakwambia nina mimba?"

Nikamwambia hakuna, ni mambo ya ndege tu.

"Ndege gani? Jan ameuliza kama kuna kitu sijamwambia. Kanywa maji glasi nzima akiwa amesimama."

Nikasema mwanamume wa kweli angekaa chini. Akakata simu.

Hadi jioni keki za pongezi zilikuwa zimefika nne. Nimekula ya mlozi.

Jumanne, 4 Machi

Gesche amekwenda kwa dada yake Husum. Amesema si ugomvi, anataka tu kukaa na watu wasio na mpango. Alifunga begi kimya, na Gesche akinyamaza ni afadhali uwe nje. Mlangoni alisema, "Momme, tulipooana nilidhani utatulia ukifika arobaini." Nikamwambia na mimi nilidhani hivyo. Hilo lilimfanya acheke kidogo, kisha akaenda hata hivyo.

Nyumba kubwa bila yeye. Lakini nafasi pia, lazima nikiri. Nimekuwa nikifikiri juu ya moshi. Boila yetu ya mafuta, inayopasha nyumba joto, inatoa moshi kutwa nzima kupitia dohani. Moshi unasema kuna moto, na ndege gani anataka kulea watoto penye moto? Gesche asingekubali kamwe nizime. Gesche yuko Husum.

Nimezima.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika nimevaa glavu. Maziwa hayahitaji friji, yako mezani na yana baridi kuliko friji. Nimelala na kofia na koti la kanisani. Ocke aliona dirisha langu limejaa ukungu wa pumzi, akauliza kama boila imeharibika, akajitolea kuja kuiangalia. Nikamwambia ni tiba. Baridi husafisha damu. Akanitazama kwa huruma ya daktari wa meno anayeona jino ambalo mwenyewe hajalihisi bado.

Anga tupu. Korongo wa mbao nimemrudisha. Hauke alisikitika. Bendi ilikuwa imeanza mazoezi.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja.

Nilikuwa natafuta soksi za tatu, nikasikia mabawa. Nikatoka nje na soksi mkononi. Korongo dume, mweupe, mabawa yenye ncha nyeusi, miguu myekundu kama kaoshwa sasa hivi. Alizunguka juu ya banda la Ocke. Ocke alikuwa amesimama uani kwake, kofia mkononi, uso umeelekea juu. Korongo akashuka, akashuka, halafu akainua bawa moja kidogo tu, akaja kwangu.

Hakuligusa gurudumu. Alilitazama kama mtu anavyotazama kiti cha plastiki kwenye harusi. Akatua juu ya dohani. Dohani langu, lenye chokaa kila upande, baridi kama kaburi. Akarusha kichwa nyuma akagonga mdomo wake, kata-kata-kata-kata, kijiji kizima kikasikia.

Nilirukaruka. Mtu wa miaka sitini na mitatu, na soksi. Nilipomtazama Ocke ili anione nikifurahi, alikuwa bado ameshika kofia. Akaniinulia mkono. Kisha akaingia ndani, na hakutoka tena mchana wote.

Nilitaka kusherehekea zaidi ya hapo. Sijui kwa nini sikuweza. Labda ni baridi.

Jumapili, 9 Machi

Jike alifika jana. Wanajenga kama wana mkataba. Matawi, majani makavu, tope, kamba, na glavu moja ambayo nadhani ni yangu. Dohani halionekani tena.

Leo bendi imekuja kunipigia. Mimi. Hauke alipuliza mpaka shingo ikawa nyekundu. Chama cha watazama ndege kilisimama mbele ya lango langu, na mama mchungaji akaniita Baba Korongo mbele ya watu. Ocke alikuja pia. Alinishika mkono na kusema nimestahili, nimefanya kazi kuliko aliyowahi kufanya yeye. Nikamjibu kwa heshima kwamba mambo haya ni kipaji.

Katikati ya wimbo wa pili Gesche akarudi kutoka Husum. Alisikiliza, akatazama paa, akacheka, akanibusu shavuni. Kisha akaingia ndani. Akatoka upesi sana.

"Momme. Ndani kuna baridi kuliko nje."

Nikamwambia ni muda mfupi tu, ndege wazoee.

 Aliingia tena, na kabla sijamfikia alishawasha boila.

Moshi una njia moja ya kutoka nyumbani kwetu, na juu ya njia hiyo walikuwa wamekaa korongo wawili na mzigo wa matawi. Basi ukarudi. Ulitoka kwenye boila, ukapanda ngazi, ukajaza jikoni, ukatokea madirishani. Gesche alitoka akikohoa. Wimbo ulikatika ghafla, kwa sababu bendi na zimamoto ni watu walewale, na matarumbeta yakatupwa kwenye majani. Nimepigiwa bendi na kuzimiwa moto na watu wale wale katika mchana mmoja. Si wengi wanaoweza kusema hivyo.

Korongo hawakusogea hata kidogo. Dume aligonga mdomo. Baadhi ya watu walipiga makofi.

Jumanne, 11 Machi

Amekuja fundi wa madohani, Bibi Ketels, mwenye nguo nyeusi na vifungo vya dhahabu. Watu wa huku humgusa bega ili wapate bahati. Nilimgusa mabega yote mawili. Akaifunga boila kwa waya na kunikataza kuiwasha mpaka njia ya moshi iwe wazi.

Baada yake akaja bwana wa hifadhi ya ndege wa wilaya, kijana mwenye ndevu zilizochanwa. Nikamwomba kwa adabu atusaidie kuwahamishia korongo kwenye gurudumu, hatua chache tu, pazuri zaidi. Akasema kiota kikishakaliwa hakiguswi. Sheria. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka vifaranga waruke na wote waondoke kusini, mwisho wa Agosti hivi. Kisha akanipongeza kwa dhati na kuniomba nipige naye picha.

Tumejaribu hita ya umeme. Fyuzi ikaruka. Tumejaribu hita na taa zote zimezimwa. Fyuzi ikaruka ya Ocke, sijui vipi.

Ndiyo iliyomleta. Alisimama mlangoni na tochi, akatuona mimi na Gesche tumejifunika zulia moja, akasema ana chumba cha wageni, kitanda kimetandikwa, na nyumba yake ina joto hata asipotaka. Nilianza kusema hapana, asante sana, sisi ni watu wa... Gesche alikuwa ameshashika begi.

Ijumaa, 14 Machi

Tunakaa kwa Ocke. Kuna joto. Nimevaa soksi zake, za sufu, alizofuma marehemu mkewe. Siwezi kusema kitu kibaya juu ya soksi zile.

Leo televisheni. Nimenyoa, nimevaa tai. Mwandishi, binti mmoja mchangamfu, alinisimamisha bustanini, korongo nyuma yangu juu, akaniuliza nilifanyaje. Nilizungumza. Jinsi nilivyozungumza! Nilieleza subira, unyenyekevu, na uhusiano wa binadamu na anga. Nilieleza chokaa kama sayansi. Aliyeshika kamera alinitazama bila kupepesa macho. Baadaye binti aliwauliza Gesche na Ocke neno moja moja, kwa adabu tu.

Jioni tuliketi sote watatu kwenye kochi la Ocke. Nikatokea. Tai imekaa vizuri. Mdomo wangu unafunguka, unafumba, na kinachosikika ni kata-kata-kata-kata-kata. Korongo dume aligonga mdomo wake kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na wao wakaiacha hivyo hivyo. Chini kwenye kioo cha televisheni waliandika: Momme Thiessen, mgeni wa Bwana Brodersen.

Gesche alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akatokea yeye, na sauti yake ilisikika safi kabisa. Alisema, "Mume wangu ametaka kitu hiki kwa moyo wote. Angekubali kuganda. Sijui kama ni upumbavu au ni mapenzi, lakini nimeishi nacho muda mrefu." Nilitazama zulia. Kulikuwa na kitu jichoni.

Frauke kapiga simu. Jan ameona kipindi na amesema anataka kuja kututembelea. Nikasema vema, aje na koti.

Jumamosi, 15 Machi

Karamu ya sukuma wiki. Nilikaa kiti cha mbele. Kiti kina mguu mmoja mfupi, kumbe. Miaka yote hiyo Ocke hakuwahi kusema.

Tulirudi kwa miguu, mimi na yeye, Gesche akiwa mbele na mama mchungaji. Nilimwuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshiba, kama ameumia.  Alisema tangu Elke afariki, majira ya baridi yamekuwa marefu, na siku ambayo korongo wanatua ndiyo siku aliyokuwa akifungua tena mapazia ya mbele. Mwaka huu walipopita akaona basi, mapazia yabaki.

"Halafu mkaja nyie," alisema. "Asubuhi Gesche kafungua mapazia yote bila kuuliza. Na wewe unaimba bafuni, Momme. Vibaya sana. Sijasikia mtu akiimba mle ndani kwa muda mrefu."

 Nilimwambia kiti kina mguu mfupi. Akasema anajua. Tukacheka hadi langoni.

Nimelala nikiwa mtu mwema. Nakumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa hisia mpya.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi njema. Jua, la kweli. Vipozamataza wanaimba juu ya malisho, kwenzi wamejaa kwenye nyaya, na barafu ya mfereji imeyeyuka. Tumekunywa chai dirishani kwa Ocke, tukitazama nyumba yetu ng'ambo ya ua, korongo wangu wakinyoosha mabawa juu yake. Gesche aliniwekea kichwa begani. Akasema tumepata kila kitu, sasa tutulie, tumshukuru Ocke, tuwe watu wa kawaida mpaka Agosti. Nikasema ndiyo. Nilimaanisha.

Kisha korongo wa tatu akatokea kutoka kusini.

Peke yake, kijana, amechelewa. Akazunguka. Akatua kwenye kiota kitupu juu ya banda la Ocke, akasogeza tawi moja, akalisogeza tena, kama mtu anayepima chumba kabla ya kukipangisha. Ocke aliweka kikombe chini taratibu. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Gesche alimshika mkono. Nami niliguswa, naandika hapa wazi kwamba niliguswa.

Lakini mtu lazima afikiri. Korongo wawili kwangu, na huyu akipata mwenzake, wawili kwa Ocke, hiyo ni sare. Na wa Ocke watakuwa kwenye kiota cha kawaida, ambapo mtu anaweza kuhojiwa bila kugongewa mdomo. Televisheni itarudi. Watamweka Ocke mbele, na mimi nitakuwa mgeni wake tena, nimevaa soksi zake.

Korongo huyu bado hajaamua. Korongo asiyeamua huogopa vitu vidogo. Duka la bustani kule njia panda linauza bundi wa plastiki wa kutishia ndege, mwenye macho ya manjano, kichwa kinazunguka kwa upepo. Si ukatili. Ni ushauri tu kwa ndege, kwamba kuna vijiji vingine.

Nimekwenda na kurudi kwa baiskeli ya Ocke. Bundi yuko chini ya kitanda cha wageni.

Mchana Ocke amepika supu ya njegere. Amenipakulia mimi kwanza, nyama nyingi zaidi, na kusema nipumzike, nimechoka na mambo mengi. Mtu mwema sana. Nimemwuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, ufunguo wa banda huwa anauweka wapi.

Ameniambia.